Kadi Iliyokuja Bila Namba

Jumamosi asubuhi sokoni Nyasho hakuna anayetembea kwa mstari ulionyooka. Unakwepa toroli la ndizi, unaruka beseni la dagaa, unampisha mama mwenye ungo wa nyanya, na ukifika upande wa mafundi simu umeshakanyagwa na nusu ya Musoma. Robi alikuwa amekanyagwa vya kutosha siku hiyo. Alivaa jinzi iliyopauka magotini na blauzi ya kitenge cha njano, rasta zake amezifunga juu na kuzibana kwa bisibisi ndogo badala ya kibanio. Kifuani alikumbatia boksi lenye vibao vya umeme ambavyo hakutaka viguswe na mtu.

Basi vikaguswa. Kitu kizito cha bati kilimgonga kiunoni, boksi likamponyoka, na vibao viwili vikaserereka hadi chini ya meza ya muuza chaja.

“Samahani, dada,” sauti ya kiume ikasema nyuma yake. “Sikukuona.”

Robi aligeuka na maneno makali tayari mdomoni. Mbele yake alisimama kijana mrefu, shati jeupe limenyooshwa kwa pasi, keni kubwa la maziwa begani, na miguuni gambuti nyeupe pe. Katikati ya matope ya Nyasho, gambuti nyeupe. Yale maneno makali yakampotea, akacheka.

“Unacheka nini sasa?”

“Naangalia viatu. Unaenda harusini au unatoka hospitali?”

“Natoka kazini. Sisi watu wa maziwa tunavaaga nyeupe ili uchafu uonekane haraka.” Akatua keni, akapiga magoti, akaingiza mkono chini ya meza na kuvitoa vibao kimoja kimoja, akivipuliza vumbi kwa uangalifu. “Mtu amebana nywele na bisibisi, halafu ananicheka mimi.”

Robi akajishika kichwani. Alikuwa ameisahau.

“Maziwa ya wapi?” aliuliza, ili asionekane ameona haya.

“Butiama, kituo cha ushirika wa wafugaji. Mimi ndiye naangalia tenki la kupozea. Naitwa Isaya.”

“Hicho ulichoshika kinakuja kwenye tenki lenu. Kitakuwa kinapima ubaridi wa maziwa na kututumia taarifa huku Musoma.”

Isaya akakitazama kibao kiganjani mwake, kijani, kidogo, na waya zake. “Kwa hiyo nimempiga kumbo mfanyakazi mwenzangu,” alisema. “Na wewe ndiye fundi wake?”

“Ndiye mimi. Robi.”

Walibadilishana namba za simu, kwa ajili ya kazi. Hivyo ndivyo Robi alivyomwambia Fredi, mwenye karakana anayofanyia kazi. Ila Fredi hakuwa mtoto, na kazi gani hiyo inampigia fundi simu kila jioni kumuuliza kama amekula?

*

Karakana ya Fredi ilikuwa ghorofani, juu ya duka la mabati katika barabara ya Mukendo, chumba kimoja chenye dirisha la kuangalia ziwa. Hapo ndipo Robi alipopata tabu kwa wiki nzima. Kadi za mtandao za zamani zilikuwa zimekwisha, na Fredi akaleta nyingine za bei rahisi. Kadi mpya hazikutaka kuamka. Robi alibadili hiki, akajaribu kile, na kila alipowasha, kompyuta ilimwandikia jibu lile lile kwamba kadi haijaonekana.

Simu ikaita. Akaiweka kwenye spika, mikono ikaendelea na kazi.

“Mpenzi, unafanya nini?”

“Naamsha kadi ya mtandao. Imelala wiki nzima, haitaki kuamka.”

“Imwagie maji.”

“Isaya.”

“Haya, nieleze. Ila taratibu, mimi nimezoea ng'ombe.”

“Kibao kikipata umeme hakijui kitu,” alisema Robi. “Ndani yake kuna programu ndogo sana, hiyo ndiyo inaamkaga ya kwanza. Tunaiita programu ya kuwashia. Inatafuta kadi ya mtandao, inaipa draiva yake, yaani maelekezo ya kuiendesha, kadi ikiamka inapita kwenye waya kuja kuchukua programu kubwa kwenye seva, ile kompyuta yetu kuu hapa Musoma. Kadi isipoamka, kibao kinabaki kimekodoa macho tu.”

“Kama mimi asubuhi. Natafuta gambuti kwanza, akili inafuata baadaye.”

Robi alicheka, na katikati ya kicheko macho yake yakatua kwenye mstari mmoja wa mipangilio ya draiva, mstari mtupu. Akaacha kucheka. “Kumbe haina namba,” alisema. “Siku zote hizi nahangaika, kumbe haina namba.”

“Namba ya nini?”

“Ya kujitambulisha. Kila kadi duniani ina namba yake, ndiyo seva inaijua kwayo. Zile za zamani zilikujaga nazo kutoka kiwandani. Hizi za Fredi zimekuja tupu, natakiwa nizipe mwenyewe. Tarakimu kumi na mbili. Mbili za mwanzo naweka sifuri na mbili, kuonesha kwamba fundi ndiye ametunga. Kumi zilizobaki najaza ninavyotaka.”

Kumi. Namba ya simu ina tarakimu kumi, na kichwani mwa Robi siku hizo ilikuwemo moja tu, ile inayoishia na arobaini na nne, sabini na moja. Aliiandika haraka, akijionea haya peke yake chumbani, akawasha. Maandishi yakakimbia kwenye kioo, yakasita, kisha taa ndogo ya kijani kwenye kadi ikaanza kucheza.

“Imeamka,” alisema, na sauti ikamtetemeka kwa furaha. “Imeamka, mpenzi.”

“Umeipa namba gani?”

“Siri ya kazi.”

“Si ya mwanaume mwingine lakini?”

“Wewe endelea na ng'ombe zako.”

Isaya akaendelea kweli. Alianza kumsimulia kisa cha ng'ombe aliyemfuata mwenye wake hadi ndani ya ofisi ya mwenyekiti, akala karatasi za mkutano. Robi huku anasikiliza akavuta kibao cha pili, kile cha kituo kipya cha ushirika huko Bunda. Katika karakana ile desturi ilikuwa moja: mipangilio ikikubali kwenye kibao cha kwanza, unainakili nzima nzima kwenye cha pili, kisha unabadilisha namba. Robi alinakili. Kisa kikafika pale mwenyekiti alipopanda juu ya meza, Robi akacheka hadi machozi, akafunga skrubu, akafunga boksi.

Namba hakuibadilisha. Mwenye macho angeiona, lakini macho ya Robi jioni ile hayakuwa kazini.

*

Kibao cha kwanza kilifungwa Butiama na kufanya kazi vizuri. Kwenye seva namba yake iliandikishwa kwa jina la kituo, na maziwa yakipata joto, ujumbe wa tahadhari ulitumwa kwa watu wawili: Robi, na Mzee Stanislausi, mwenyekiti wa ushirika. Cha pili Robi alikifunga mwenyewe Manyamanyama, mjini Bunda, lakini tenki la huko lilikuwa tupu bado, likisubiri ufunguzi. Akakiacha kimezimwa bila kukiandikisha, akawa na hamu zaidi na mambo mengine.

Mambo yenyewe ni kwamba Isaya alisema anataka kuja Nyasho kumwona mama.

“Kumwona tu?” Robi alimchokoza kwenye simu.

“Kujitambulisha. Nisije nikaonekana mwizi. Jumapili, nikitoka kanisani.”

Jumapili hiyo nyumba yao ya Nyasho ilinukia tangu asubuhi. Mama yake Robi alikaanga sato wakubwa wawili, akasonga ugali wa muhogo, na pembeni akapika wali ikiwa mgeni si mtu wa ugali. Shangazi Gati alikuja na kitenge kipya cha bluu ambacho kila mtu alilazimika kukisifia. Robi alivaa gauni la rangi ya zambarau lililomkaa vizuri, rasta zimeachiwa mabegani, hana bisibisi.

Saa sita Isaya alipiga. “Mpenzi, umeme huku unakatika kila saa na jenereta inasumbua. Siwezi kuacha maziwa ya watu. Nipe muda kidogo, nikiiweka sawa nakuja na pikipiki.”

“Mama amepika.”

“Mwambie namheshimu sana. Nakuja.”

Sato wakafunikwa. Shangazi Gati akauliza kama kijana anajua njia. Mama akaenda kuupasha wali moto, na hilo lilimuuma Robi kuliko maneno ya shangazi. Alipiga simu, haikupokelewa. Akapiga tena. Saa kumi ndipo simu yake ikalia, akairukia akidhani ni yeye, kumbe ni ujumbe wa tahadhari: Butiama, nyuzijoto ishirini na saba, mashine imezimwa.

Robi aliusoma mara tatu. Ujumbe haukusema umeme umekatika, ulisema imezimwa, na tenki lililozimwa lina maana moja tu, hakuna mtu kituoni. Na kama Isaya hayupo kituoni, na Nyasho hajafika, basi yuko wapi Jumapili hii na shati lake la pasi? Wivu ulimpanda. Alijifungia chumbani akalia na gauni lake la zambarau, huku nje shangazi akisema wanaume wa siku hizi ni wale wale.

Jua lilikuwa linazama Isaya alipopiga.

“Robi, pole. Jenereta imenitoa jasho, hata simu sikuisikia kwa zile kelele. Sasa ndiyo umeme umetulia.”

“Uko wapi?”

“Kituoni. Niko hapa tangu asubuhi.”

“Isaya, hicho kifaa nimekitengeneza mimi kwa mikono yangu. Kimeniambia tenki limezimwa. Nyuzi ishirini na saba.”

“Haiwezekani. Niko nalo hapa, lina baridi.”

“Sasa hivi lina baridi, kwa sababu umerudi ukaliwasha. Ulikuwa kwa nani?”

Isaya alipoongea, utani wote ulikuwa umemtoka.

“Unaniamini mimi au unakiamini kibao?”

“Kibao hakina sababu ya kunidanganya.”

Alijua palepale kwamba amesema neno baya. Lakini lilikuwa limeshatoka, na alikuwa na hasira, na mtu mwenye hasira huona haya kurudi nyuma. Simu ikakatwa. Robi alifuta namba ya Isaya kwenye simu yake usiku haujaingia, kana kwamba hiyo ingemtoa kichwani.

Jumatatu mambo yakawa mabaya zaidi. Mzee Stanislausi naye alikuwa amepata ujumbe ule ule. Maziwa yalipimwa asubuhi yakaonekana mazima, lakini mzee akasema hiyo ni bahati tu, siku nyingine haitakuwepo, na mtu anayeacha jasho la wafugaji juani hawezi kushika funguo. Isaya akasimamishwa kazi, funguo akapewa Mugeta, mlinzi. Robi alisikia habari hizo kwa Fredi. Alisema, “Shauri yake,” kisha akaenda dirishani akaliangalia ziwa muda mrefu bila kuliona.

*

Wiki mbili zilizofuata Robi alikonda. Mama yake alimwekea chakula, akakitoa, akamwekea tena. Mara moja tu alisema, “Yule kijana wa sato, hata sijamwona sura,” na Robi akaondoka mezani.

Siku ya kuandikisha kituo cha Bunda ikafika. Pale Manyamanyama alimkuta Paschal, mwangalizi wa kituo, mtu mnene mchangamfu aliyekuwa amevaa koti jeupe jipya kwa ajili ya tenki ambalo halijawahi kuonja maziwa.

“Karibu, dada fundi. Niwashe?”

“Washa, kaka.”

Robi aliunganisha waya kati ya kibao na kompyuta, akakaa juu ya keni lililopinduliwa. Maandishi yakaanza kushuka. Programu ya kuwashia imeamka. Kadi imepatikana. Draiva imekubali. Kisha mstari wa namba: sifuri na mbili, halafu sifuri na saba, halafu nyingine, na nyingine, hadi mwisho. Arobaini na nne. Sabini na moja.

Kibao cha Bunda kilikuwa kinajitambulisha kwa namba ya simu ya Isaya, sawasawa na kile cha Butiama.

“Kaka Paschal,” alisema taratibu, “hiki kibao uliwahi kukiwasha?”

Paschal akajikuna kisogo. “Mara moja tu. Ile Jumapili mashemeji zangu walikuja kunitembelea, nikataka waone taa zinavyowaka. Nimeharibu?”

“Mashemeji walifika saa ngapi?”

“Mchana umeshageuka. Wakakaa hadi jioni. Wanapendaga soda sana wale.”

Robi alifungua mchoro wa joto wa siku ile kwenye seva, mchoro ambao kwa hasira zake hakuwahi kuufungua. Ule ujumbe wa simu ulimtosha. Mstari wa ubaridi ulikuwa umetulia kwenye nyuzi nne, ukapanda wima hadi ishirini na saba, ukakaa huko, kisha ukashuka wima tena hadi nne. Umesimama wima kama ukuta. Tenki zima la maziwa halipati moto namna ile, wala hakuna mashine inayolipoza namna ile. Hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angejua kwamba hayo ni matenki mawili. Kwa kuwa namba ilikuwa moja, seva ilimpokea aliyefika baadaye, ikamtoa wa kwanza, na tenki tupu la Bunda, mashine yake ya kupoza imezimwa, likasoma joto la chumba kwa jina la Butiama. Mashemeji walipoaga na Paschal akazima, Butiama ikarudi.

Na Isaya alikuwa kituoni. Tangu asubuhi, na jenereta yake, alikuwa kituoni.

Robi alijifunika uso kwa viganja akalia, na Paschal, ambaye hakuelewa hata nusu ya jambo hili, akamletea soda.

Alipotulia alimpigia Fredi akamweleza yote. Fredi alisikiliza, akavuta pumzi.

“Sikiliza, Robi. Badilisha namba, funga boksi, urudi. Kwa ushirika tutasema mtandao ulichezacheza. Wanataka tuwafungie vituo vingine, unajua. Ukienda kusema fundi ndiye amekosea, watatafuta wengine.”

“Na Isaya?”

“Watamrudisha taratibu.”

“Fredi, mtu ameitwa mvivu na mwongo mbele ya kijiji chake kwa ajili ya mkono wangu. Mimi mwenyewe nimemwita hivyo. Siwezi kusema ni mtandao.”

“Utatukosesha kazi.”

“Basi nitakuwa nimeikosa kwa jambo la kweli,” alisema Robi, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi akajisikia mwepesi.

*

Asubuhi iliyofuata alikuwa Butiama wakati wa kupokea maziwa. Uwanja wa kituo ulijaa baiskeli na pikipiki, makeni yamefungwa kwa mipira, akina mama wamejifunika khanga kwa baridi. Mugeta alikuwa mlangoni na mizani. Na kwenye foleni, nyuma ya bibi mmoja mwenye kidumu, alisimama Isaya amebeba keni la baba yake. Amevaa ndala. Robi aliziona zile ndala, moyo ukamuuma kuliko siku zote.

Isaya alimwona akageuza uso.

“Shikamoo, mzee,” Robi alimwambia Mzee Stanislausi, aliyekuwa amekaa kivulini na koti lake la kijivu.

“Marahaba, binti yangu. Mashine yetu imeharibika?”

“Hapana, mzee. Naomba niseme jambo mbele ya watu wote, kwa sababu hata kusimamishwa kwa Isaya kulisemwa mbele yao.”

Mzee alimwangalia kidogo, akagonga fimbo chini, watu wakanyamaza. Robi akasimama kati ya makeni. Alieleza kwa maneno mepesi: vibao viwili, kadi zilizokuja bila namba, namba moja aliyoinakili akasahau kuibadilisha, na mashemeji wa Paschal. Watu wakaguna.

“Kwa hiyo mashine ilisema uongo?” aliuliza mzee.

“Ilisema kweli, mzee. Ila ilikuwa kweli ya Bunda. Mimi ndiye niliyeibandika jina la Butiama. Isaya alikuwepo kazini siku ile, na maziwa yenu hayakupona kwa bahati, yalipona kwa sababu yeye hakuondoka. Kosa ni langu peke yangu. Si lake, na si la mtandao.”

Bibi mwenye kidumu akageuka akampima Isaya toka juu hadi chini. “Mimi nilisemaga,” alisema. “Huyu mtoto hata ubatizo wa mdogo wake alichelewa kwa ajili ya hili tenki.” Watu wakacheka, na kicheko hicho kikalegeza mambo.

Mzee Stanislausi akainuka. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Alimwita Mugeta, akachukua funguo, akamnyooshea Isaya kwa mikono miwili. “Mwanangu, nilisikia upande mmoja tu,” alisema. Kisha akamgeukia Robi. “Na wewe, vituo vingine utatufungia wewe mwenyewe. Ila kwanza hivi viwili nivione vina namba zake.”

Ndani ya chumba cha tenki palikuwa na ubaridi na harufu ya maziwa mabichi. Robi alikuwa anafungua boksi la kibao Isaya alipoingia. Alikuwa ameshavaa gambuti zake, lakini hakukaribia. Alisimama mlangoni.

“Kosa la namba nimelielewa,” alisema. “Kila mtu anakosea. Mimi nimewahi kumwaga keni zima la baba. Kinachoniuma si namba.”

“Najua.”

“Nilikwambia niko hapa. Ulikuwa unanijua, Robi. Kile kibao kilinijua tangu lini?”

Robi aliweka bisibisi chini. “Nilikuwa na wivu, na nilikuwa na haya mbele ya mama na shangazi. Nikachukua kilichokuwa rahisi kukiamini. Nisamehe, Isaya. Sina la kujitetea. Nimekukosea mimi, siyo kifaa, na nimeumia kila siku tangu ile Jumapili.”

Mashine ya tenki ikaanza kunguruma. Isaya akasogea hatua chache, akaegemea bomba.

“Hiyo namba yenyewe iliyoleta balaa ni ipi? Ile siri ya kazi.”

Robi akainamisha kichwa. “Yako.”

“Yangu vipi?”

“Namba yako ya simu. Zilibaki tarakimu kumi za kujaza, na mimi nilikuwa nakuwaza wewe. Halafu ukanisimulia ng'ombe aliyekula karatasi, nikacheka, nikasahau kuibadilisha kwenye kile cha pili.”

Isaya alimkodolea macho. Kitu kikaanza kumcheza midomoni, akajaribu kukizuia, kikamshinda. “Subiri kwanza. Kwa hiyo mimi nimesimamishwa kazi kwa sababu fundi amenipenda kupita kiasi?”

“Usinicheke.”

“Sikucheki. Nawaza watoto wetu nitawaelezaje jambo hili.” Aliinua mkono, akaichomoa ile bisibisi ya akiba kwenye rasta za Robi, akampa. “Haya, fanya kazi. Hiki cha Butiama kitakuwa na namba gani?”

“Kinabaki na yako, ukikubali.”

“Nimekubali. Na cha Bunda?”

“Jana nimeshakipa yangu.”

“Basi wasigombane,” alisema Isaya, na akamshika mkono, wakakaa hivyo mpaka Mugeta alipokohoa mlangoni.

*

Jumapili nyingine, sato wengine. Shangazi Gati alirudi na kitenge kile kile cha bluu, kikasifiwa tena. Mara hii pikipiki ilisimama nje kabla wali haujaiva, na Isaya akaingia na shati lake la pasi, viatu vyeusi vya heshima, na keni dogo la maziwa mgando mikononi.

“Shikamoo, mama. Shikamoo, shangazi.”

“Marahaba, baba. Karibu ukae. Tulikupikia siku ile.”

“Naijua, mama, na inaniuma bado. Leo nimekuja kula chakula cha siku zote mbili.” Mama akacheka. Isaya akaweka keni sakafuni, akakaa ukingoni mwa kochi, akasafisha koo. “Mama, nimekuja kujitambulisha. Na wazee wangu, Mungu akipenda, watakuja mwezi ujao kuzungumza na nyinyi. Namtaka Robi awe mke wangu, kama naye ananitaka.”

Wote wakamgeukia Robi. Naye alikuwa anafungua mdomo kujibu simu yake ilipolia mezani, ule mlio wa tahadhari anaoujua. Sebule nzima iliusikia. Kioo kikawaka, na jina la Butiama likaonekana, na baada yake kulikuwa na tarakimu za joto.

Isaya akaona, rangi ikambadilika.

Robi hakusoma zaidi. Aliichukua simu, akailaza kifudifudi, akamtazama yeye.

“Tenki lina nini, mpenzi?”

“Linaoshwa,” alisema Isaya. “Lori limebeba maziwa yote asubuhi, nikamwachia Mugeta alisafishe.”

“Haya,” alisema Robi. Kisha akamgeukia mama yake, ambaye alikuwa bado anasubiri jibu na kijiko cha wali mkononi. “Namtaka, mama. Pakua, tumekaa na njaa tangu Jumapili ile.”